Nukta ya Inzi

Wanawake wanaonakili vitabu hawakuwa ajabu katika kitongoji chetu cha mashariki, hapa Kurtuba, mji wa khalifa. Ungepita asubuhi ungesikia kalamu za tete zikikwaruza karatasi nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba angekuitikia salamu bila kuinua uso. Lakini mtu akisema “ule mkono wenyewe,” bila kutaja jina, alikuwa anamsema Umaima binti Tammam, na asiyelijua hilo alikuwa mgeni au mwenye kijicho.

Wenye kijicho hawakukosekana. Walisema Umaima anaringa. Ni kweli aliringa, na mimi sioni kwa nini asiringe. Mtu akifuma zulia zuri mnamsifu, akioka mkate mtamu mnasongamana mlangoni kwake. Sasa mtu akiandika kurasa mia tatu za hesabu za nyota bila kudondosha tarakimu hata moja, mnataka atembee ameinamisha kichwa? Binadamu hawana jema.

Kazi aliirithi. Baba yake, Tammam, alinakili mpaka macho yakaingia ukungu, na Umaima alipotimiza miaka tisa yeye ndiye alikuwa macho ya baba. Desturi ya kazi yetu ni hii: kila fungu la maneno likiisha, mnakili huchora duara dogo, tupu. Kitabu kikikamilika, watu wawili huketi. Mmoja husoma asili, yaani kile kitabu kilichonakiliwa, kwa sauti, mwingine hufuata nakala kwa kidole. Maneno yakikubaliana, nukta hutiwa katikati ya duara. Duara likibaki tupu, maana yake hapo hapajasikilizwa, msomaji ajihadhari. Mzee Tammam, kwa kuwa haoni, alisikiliza tu, na vitabu vingi alikuwa navyo kichwani.

“Rudi nyuma,” alikuwa akimwambia bintiye. “Umekula neno.”

“Sijakula, baba.”

“Umekula, na bado unalitafuna. Rudi.”

Akirudi, neno linaonekana pale pale. Umaima alilia sana miaka ile. Alipofika ishirini, hapakuwa tena na mtu wa kumwambia arudi nyuma.

Aliolewa na Khalaf, mfumaji wa hariri, mtu mpole asiyejua kugomba. Homa ikamchukua mwaka wa saba wa ndoa. Hakumwachia mtoto, alimwachia dada yake, Durra, aliyekuja matangani na kikapu kimoja cha nguo, akasema atakaa siku arobaini, akakaa maisha. Mawifi hawa walitaniana tangu alfajiri hadi kulala. Durra alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, na jicho la kuona kosa la mwenzake kutoka ng’ambo ya mto. Basi yeye akawa msomaji wa asili, na Umaima akawa mfuata nakala, na kazi ikaenda.

Kitu kimoja kilimkereketa Umaima. Vitabu vyake vilitoka katika duka la Asbagh, muuza vitabu wa karibu na msikiti mkuu, na katika ukurasa wa mwisho liliandikwa jina la duka la Asbagh. Jina la aliyekunja mgongo juu ya karatasi halikuandikwa popote.

“Mkono wangu, jina lake,” Umaima alilalamika.

“Na tumbo lako, mkate wake,” Durra alijibu. “Andika, wifi. Wino unakauka.”

Mwaka Umaima alipofika arobaini na tatu, wakaja wajumbe kutoka Barshiluna, kule kaskazini kwa Wafaranja, kumletea khalifa zawadi za panga na ngozi za manyoya. Miongoni mwao alikuwamo mtawa mmoja wa Kikristo, Sunifredi, mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyoungua jua. Huyu panga na ngozi havikumhusu. Alikuwa amekuja kutafuta kitabu cha magonjwa ya macho cha Tabibu Yaish.

Yaish ni wetu, lakini alikuwa amesoma Baghdad miaka kumi na miwili, na tangu arudi alikuwa akitoa mtoto wa jicho kwa sindano kama mtu anayeondoa utando juu ya maziwa. Watu walioingia hospitalini wakishikwa mkono walitoka wakihesabu punda njiani. Yote aliyoyajua alikuwa ameyaandika.

“Mimi nataka kitabu ya macho,” Sunifredi aliwaambia watu dukani kwa Asbagh, kwa Kiarabu alichofundishwa na wachuuzi. “Kwetu macho mingi inakufa. Mkubwa yangu, baba ya watawa, yeye naona moshi tu.”

Duka zima likaangua kicheko. Umaima, aliyekuwa amekuja kuleta kurasa, hakucheka.

“Mnacheka nini?” aliwauliza. “Huyu amevuka milima kwa ajili ya kitabu. Nani kati yenu amevuka hata daraja?”

Asbagh akaona afadhali kazi ampe yeye.

Asili waliyoipata haikuwa ile ya Yaish mwenyewe, kwa maana hiyo ilikuwa hospitalini, wanafunzi wakiigombania. Asbagh aliazima nakala ya mwanafunzi mmoja wa zamani wa Yaish, bwana mmoja aliyepanga chumba juu ya duka la maandazi ya jibini yanayochovywa asali. Umaima aliandika siku thelathini na sita. Alipofika fungu la kumi na moja, dawa ya kupakwa jicho lililokwisha kuchomwa sindano, akakuta: ute wa yai, zafarani, wanga, na khall. Yaani siki.

Kalamu ikasimama.

“Wifi,” aliita. “Siki kwenye jicho lililochomwa sindano, umepata kusikia?”

“Waganga waliosoma Baghdad,” Durra alisema, “wanaweza kukutia pilipili manga jichoni, na ukawashukuru.”

Umaima akacheka, akachovya kalamu, akaandika siki. Wakati wa kusikiliza, Durra akasoma siki, kidole cha Umaima kikakuta siki, nukta ikatiwa ndani ya duara. Kusita huko, kisha kupita, ndiko kulikokuja kumuuma kuliko yote yaliyofuata.

Sunifredi alipokabidhiwa kitabu alikiweka kwenye paji la uso, akalia mbele za watu bila haya. Mtaa ulijaa furaha. Kitabu chetu kinakwenda kwa Wafaranja! Wao wana mbao, wana watumwa, wana baridi. Elimu waje waichukue hapa. Umaima alikwenda kisimani siku hiyo kwa mwendo wa mtu ambaye baba yake ndiye aliyeujenga mji.

Siku nne baadaye alikwenda kwa Tabibu Yaish kwa haja yake mwenyewe. Macho yalikuwa yanamchonyota, yanatoa machozi. Yaish alimkalisha karibu na dirisha, akamgeuza kope, akaguna, akaanza kumchanganyia dawa.

“Hii naijua,” Umaima alisema, maana kunyamaza hakukuwa tabia yake. “Ute wa yai, zafarani, wanga. Hiyo chupa ya mwisho ni siki.”

“Siki?” Yaish alicheka. “Unataka kunifungia hospitali? Haya ni mafuta ya ufuta. Ukitia siki kwenye jicho bichi, jicho hilo umelizika.”

“Lakini umeandika khall.”

“Nimeandika hall. Bila nukta. Baghdad mafuta ya ufuta huitwa hall. Ah!” Akajipiga paja. “Ninyi watu wa zeituni, neno hilo mtalijulia wapi?”

Sasa, anayejua maandishi yetu ameshaelewa. Hall na khall ni umbo moja. Tofauti ni nukta moja juu ya herufi ya kwanza. Pasipo nukta, mafuta. Penye nukta, siki. Na Kurtuba nzima, toka khalifa hadi mbeba maji, mafuta ni ya zeituni, basi. Hakuna mtu wa hapa ambaye macho yake yangeona neno lile na akili ikasema ufuta.

Umaima akainuka. Hakungoja kupakwa dawa.

“Nitamtuma mtu na barua,” Yaish alimwambia, alipojua kitabu kiko kwa nani. “Kosa si lako peke yako, mama. Mimi nimeandika neno la Iraki kwa watu wasio wa Iraki.”

“Barua yako ataisoma nani? Yule mtawa hasomi nukta, anasoma kwa kubahatisha. Nitakwenda mwenyewe.”

Alikwenda kwanza dukani kwa Asbagh, akaiomba ile asili, akaifungua fungu la kumi na moja. Nukta ilikuwepo. Nyeusi, duara, mahali pake hasa. Moyo wake ukatulia kidogo: basi hakuibuni. Halafu akaikwaruza kwa ukucha.

Nukta ikabanduka, ikaanguka juu ya goti lake.

Alitazama juu ya ukurasa, akaona nyingine pembeni mahali pasipo na maandishi kabisa, na nyingine, na nyingine. Inzi wa duka la maandazi walikuwa wamekitembelea kitabu kile miaka mitano na kuacha haja zao. Mnakili bora wa Kurtuba alikuwa amenakili kinyesi cha inzi kwa mkono wake mzuri, akakitilia hata nukta ndani ya duara.

Asbagh alipoelezwa alifunga mlango wa duka.

“Nani anajua?” aliuliza.

“Mimi, wewe, na Yaish.”

“Yaish hatasema, ni kitabu chake. Mimi sitasema. Imebaki wewe.” Akashusha sauti. “Umaima, wajumbe wameondoka leo alfajiri. Wamekwenda na safari njema. Kule waendako hata akipofuka mtu watasema ni mapenzi ya Mungu. Ni Wafaranja, dada yangu!”

“Jicho la Mfaranja linatoka machozi ya rangi gani?”

“Usinifanyie mashairi. Mwisho wa kitabu kile pana jina la duka langu. Ukienda huko barabarani kupiga kelele kwamba Asbagh anauza siki, nani atakuja tena hapa? Na wewe, miaka ishirini na mitatu umejenga jina la mkono usiokosea. Utalibomoa kwa ajili ya inzi?”

Hapo alimgusa pabaya. Umaima hakuwa na mali, hakuwa na mtoto. Alikuwa na hilo tu: kwamba ule mkono haukosei. Alikifunga kile kitabu, akakifungua tena, na mimi simlaumu kwa kusita huko.

“Ukienda,” Asbagh alisema, “usirudi hapa kuchukua karatasi.”

“Basi kaa na karatasi zako,” Umaima akamjibu, akatoka.

Nyumbani alimweleza Durra yote. Alitegemea utani. Durra hakutania. Alinyanyuka, akatafuta ushungi wa safari.

“Niliyesoma siki kwa sauti ni mimi,” alisema. “Na aliyekwambia uandike ni mimi. Twende.” Kisha, akiwa mlangoni: “Lakini asili tunaihitaji. Asbagh atakupa?”

“Hawezi.”

“Ngoja.”

Durra alikwenda dukani kummwagia Asbagh matusi ya kutosha, akarudi na kitabu kimekaa kifuani mwake, mahali ambapo hakuna mwanamume Kurtuba angethubutu kukitafuta. Walikubaliana kwamba si wizi, kwa kuwa mwenyewe si Asbagh, na wakirudi watamrudishia mwenyewe.

Mwenye nyumba ya wageni ya lango la kaskazini aliwaambia msafara utakaa siku mbili katika kituo cha kwanza, mtoni Armilat, ukingoja askari wa kuusindikiza. Wakakodi punda wawili, wakatoka kulipokucha. Punda wa Durra aligoma mara tatu.

“Anajua amebeba nini,” alisema Umaima.

“Amebeba ukweli, ndiyo maana ni mzito,” alisema Durra, na ndio utani pekee waliofanya njia nzima.

Walifika adhuhuri. Sunifredi alikuwa ameketi juu ya jiwe anaosha miguu. Alipowaona akaruka, maji yakamwagika.

“Mama ya kitabu! Wewe nakuja! Kwa nini wewe nakuja?”

“Lete kitabu,” Umaima alisema.

Akakikumbatia. Alidhani wamekuja kumnyang’anya. Ikabidi Umaima akae chini kwenye majani na kumweleza polepole, neno kwa neno, huku akimwonyesha kwa kidole: hii bila nukta ni mafuta, hii yenye nukta ni siki, mimi nimeandika siki, jicho linakufa. Mtawa aligeuka rangi. Kijijini kwao, alisema, mtawa mwenzake aliye mganga alikuwa anamngoja na kitabu, na jicho la kwanza lingekuwa la mkubwa wao wa watawa.

Mkuu wa wajumbe, mtu wa ndevu nyekundu, alikuja kuona kuna nini. Wakasemezana kwa lugha yao kwa ukali.

“Yeye nasema,” Sunifredi alitafsiri kwa huzuni, “kitabu ya uongo. Tupa maji.”

“Mwambie anitupe mimi kwanza,” alisema Umaima.

“Na mwambie mimi hanibebi,” alisema Durra.

Sunifredi alitafsiri, au alitafsiri kitu kingine, kwa sababu yule mtu alicheka, akaenda zake.

Umaima akatoa kisu chake cha kuchongea kalamu, akaikwangua nukta yake mwenyewe hadi karatasi ikabaki nyeupe. Halafu akafungua kidau cha wino. Kandokando ya ukurasa akaandika, kwa herufi ndogo zilizonyooka: Hapa nilikosea mimi, Umaima binti Tammam wa Kurtuba. Ni mafuta ya ufuta, si siki. Nimesahihisha kwa mkono wangu.

Durra alikuwa anasoma begani kwake. “Unaandika jina? Ungeandika tu ‘imesahihishwa.’ Watu hufanya hivyo.”

“Kosa lina mwenyewe,” Umaima alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliandika jina lake ndani ya kitabu.

Sunifredi hakufurahi hata hivyo. Alipekua kurasa, akapekua, akauliza swali ambalo mtu mwenye akili lazima aliulize.

“Moja wewe najua. Ngapi wewe hapana jua?”

Umaima hakukasirika. Alimtazama yule mtawa kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa Asbagh hata siku moja.

“Sijui,” alisema. “Tusome chote.”

Wakasoma. Durra akaitoa asili kifuani, Sunifredi akatazama pembeni kwa adabu, wakaanza ukurasa wa kwanza. Safari hii kila nukta iliyotiliwa shaka ilikwaruzwa kwa ukucha kwanza. Wakapata inzi wengine watatu. Wawili hawakuwa na madhara. Wa tatu alikuwa ameugeuza uzito wa dawa ya kuosha kope, na aliyemwona alikuwa Sunifredi.

“Mama ya kitabu,” alisema, pua karibu na karatasi, “hii ni nukta ama ni inzi?”

Umaima akakwaruza. Akabandua inzi.

“Huyu atakuwa mnakili,” Durra alisema.

Tangu hapo mtawa hakushikika. Hii ni nukta ama ni inzi? Na hii? Askari waliokuwa wakipita walidhani ni wazimu. Wakaacha magharibi, wakarudi kulipopambazuka, wakamaliza kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, farasi wakiwa wameshatandikwa. Umaima aliandika mahali pengine patatu kwamba amekosea, na kila mahali akaweka jina lake. Sunifredi alipanda mnyama wake akiwa amekifunga kitabu kifuani kwa kitambaa, akageuka mara nyingi kupunga mkono.

“Nimechoka,” Umaima alisema, akakaa chini palepale barabarani. Lakini Durra alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kumwona wifi yake akiwa ametulia namna ile.

Asbagh alitimiza ahadi yake. Karatasi hakumpa tena, na habari akaisambaza kwa namna yake, kwamba kosa ni la Umaima peke yake. Mtaani wakampa jina: Bibi Siki. Ungemsikia muuza mboga akiita, “Bibi Siki, leo saladi nikupe na nini?” Wakaishi miezi minane kwa kuandikia watu barua na mikataba ya ndoa. Umaima aliitika jina hilo kila lilipoitwa, kichwa juu, na wala hakununua mboga kwingine.

Mwezi wa tisa Tabibu Yaish alibisha hodi na asili yake ya mkono wake chini ya kwapa.

“Nakili hii,” alisema. “Na mwisho uandike aliyenakili ni nani.”

“Wewe hujasikia naitwa nani siku hizi?”

“Nimesikia. Dukani kwa Asbagh kuna wanakili ishirini ambao hawajakosea kamwe, na mimi siwaamini hata mmoja.”

Maneno hayo yalifika hospitalini, yakafika kwa wapima nyota, yakafika kwa watu wa hesabu. Wakaanza kuja moja kwa moja mlangoni kwa mawifi wawili. Ninyi mnaosema jina likivunjika haliungiki, mngekuja kuona foleni ile.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Umaima alikuwa mzee, macho yake yenyewe yakiona kwa taabu, Durra akiwa mnene zaidi na mkali vilevile. Siku moja mchana akaingia mtaani Myahudi mmoja wa Barshiluna, Ishaq, mfanyabiashara wa mafuta na manyoya, anauliza nyumba hadi nyumba.

“Natafuta kaburi au nyumba ya Omema, tabibu mkuu wa macho.”

Hakuna aliyemjua. Mpaka muuza mboga akasema, “Omema, Omema... si atakuwa Bibi Siki?”

Ishaq aliletwa, akakalishwa, akapewa maji. Akasimulia. Mtawa Sunifredi alikuwa amekigeuza kile kitabu kwa lugha yao ya kanisani, kazi ya miaka tisa, kisha akafariki. Ile nakala yake ya kwanza panya waliila kurasa za mbele, zenye jina la mtungaji, na za mwisho, zenye jina la duka. Walionakili baada yake walitafuta jina ndani ya kitabu wakakuta moja tu, mara nne, pembeni. Basi wakaandika juu: Kitabu cha Macho cha Omema wa Kurtuba. Kiko katika nyumba tatu za watawa. Katika mojawapo wamemchora mwandishi, ana kilemba na ndevu hadi kitovuni.

Durra alicheka hadi ikabidi apigwe mgongo.

Umaima hakucheka. “Fungu la kumi na moja,” alisema. “Dawa ya jicho lililochomwa. Wanatia nini?”

“Mafuta ya ufuta,” Ishaq alisema. “Kwao hayapatikani. Mimi ndiye ninayewapelekea, mtungi mmoja kila mwaka. Ndiyo sababu nimekuja kutafuta jina hili, nimjue anayenipa biashara.”

“Na yule mkubwa wao? Aliyekuwa anaona moshi?”

“Aliona miaka sita, mpaka alipokufa. Wanasema alitumia yote sita kusoma.”

Umaima akajifunika uso kwa ushungi. Wakamwacha alie.

Tabibu Yaish, aliyekuwa na miaka themanini na mdomo uleule, alipopelekewa habari alinuna siku mbili. “Miaka kumi na miwili Baghdad!” alimwambia kila aliyekuja kumsalimia. “Baridi, njaa, walimu wakali! Halafu jina linachukuliwa na inzi!”

Ishaq alikuwa anaondoka Alhamisi alfajiri. Siku ya Jumatano Umaima alimwita Durra akae na kalamu.

“Waandikie watawa wa nyumba zote tatu,” alisema. “Andika: Kitabu mlicho nacho ni cha Tabibu Yaish wa Kurtuba, yu hai na amenuna. Futeni jina langu juu, mliweke lake. Mimi si tabibu. Mimi ni mnakili, ni mwanamke, na sina ndevu.”

“Taratibu, wifi. ‘Na sina ndevu.’ Haya.” Durra alimwaga mchanga kidogo kukausha wino, akapuliza. “Na zile nne za pembeni? Nazo niwaambie wafute, waandike Yaish?”

“Wewe! Zile wasiziguse,” Umaima alisema, na ghafla sauti yake ikawa ile ya zamani. “Waambie kitabu kizima ni chake. Lakini makosa yale ni yangu, na aliyeyafuata kwa punda ni mimi. Hayo wasimpe mtu mwingine.”